Mikono ya Bibi

"Mama, unampaka kweli?"

Nesi aliuliza bila kuinua uso. Alikuwa ameukunjua mguu wa mtoto na kutazama nyuma ya goti, palipochubuka na kutoa majimaji. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu, na wanawake waliokaa kwenye benchi nje walinyamaza wote kwa pamoja, kama watu waliokumbuka ghafla kwamba wana masikio.

"Nampaka, nesi. Asubuhi na jioni. Mchana nikiwa kazini anaogeshwa na kupakwa na mama mkwe wangu."

"Kila siku?"

"Haki ya Mungu."

"Ngozi haijui viapo, mama." Nesi alipitisha ukucha taratibu kwenye paja la mtoto, ukabaki mstari mweupe kama wa chaki. "Mimi naona ngozi kavu. Naona mtoto anayesuguliwa. Hebu niambie nilikuelekeza nini."

Mama Chiriku aliyataja yote, amesimama na mkoba wake kifuani kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Maji ya vuguvugu, yasiwe moto. Aoge haraka atoke. Sabuni isiyo na manukato, tena kidogo. Asisuguliwe, taulo limkandamize tu. Apakwe mafuta ya mgando mwili mzima ngozi ikiwa bado na unyevu, hata pale pasipowasha. Krimu ya kwenye tyubu iwekwe juu ya mabaka peke yake, na iwe nyembamba. Kucha zikatwe. Nguo ziwe za pamba.

"Somo unalijua," nesi alisema. "Basi kalifanye. Hii ni pumu ya ngozi, nilishakwambia, haiambukizi na si uchafu. Inatulizwa kwa kupakwa. Usipompaka, kila mwezi tutaonana hapa."

Kwenye benchi mtu mmoja alicheka kwa pua. Mama Chiriku alisikia shingo yake ikipata moto.

"Na bibi je?" nesi alimwinamia mtoto. "Bibi anakupaka mafuta, mrembo?"

Huyu mtoto aliitwa Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kupumzika. Alizungumza na viatu, na sufuria, na kivuli chake mwenyewe. Lakini hapo alimtazama nesi, akamtazama mama yake, akatia kidole mdomoni na kugeukia ukuta. Mama yake alidhani ni haya.

* * *

Waliishi vyumba viwili na kiua kidogo chenye pipa la maji na kamba ya kuanikia. Baba Chiriku alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye ghala, kwa hiyo mchana alilala. Mama yake mzazi alikuwa amehamia kwao tangu mgongo ulipomkataza kazi. Kazi yenyewe ilikuwa udobi. Mwanamke yule alikuwa amefua nguo za watu tangu usichana hadi nywele zikawa nyeupe kuliko mashuka aliyoyaanika, na mpaka leo alipomwona mtu barabarani alianza kwa kutazama kola. Mtu mwenye kola chafu hakuitikiwa salamu yake vizuri.

Mama Chiriku alifuma sweta kwa mashine kwenye karakana ya mtaa wa pili. Siku ile alimrudisha mtoto kwa Bibi akaenda kazini, na aliporudi jioni, kama kawaida yake, hakumgusa kwanza. Alisimama nyuma ya mlango, akavua nguo za kazi, akazikung'utia nje, akanawa mikono hadi viwiko, akavaa gauni la nyumbani. Ndipo akasema, "Haya, njoo." Chiriku alikuwa akingoja upande wa pili anarukaruka, anajikuna mkono mmoja kwa mwingine.

"Nesi amesema nini?" Bibi aliuliza.

"Amesema hatumpaki, mama."

Bibi aliweka chini bakuli alilokuwa akifuta. "Hatumpaki? Sisi?" Aliingia chumbani, akatoka na kopo la mafuta, akalifungua kifuniko na kulisukuma mbele ya uso wa mkwewe. "Tazama. Hili si ulinunua juzi tu? Limebaki nusu. Kama hatumpaki, linaliwa na panya? Watu wa hospitali nao wakishindwa dawa, mwenye makosa ni mama."

Hilo kopo lilikuwa shahidi asiyepingika. Mama Chiriku aliona aibu hata kwa kulileta neno lile ndani ya nyumba. Tena aliiona mikono ya mama mkwe wake ikilishika kopo. Ilipokuja nyumba hii ilikuwa imepasukapasuka kwa sabuni ya miaka mingi, vidole vina nyufa, na kila Bibi alipokunja ngumi alisema "ai" kidogokidogo. Sasa ilikuwa imelainika, inang'aa kwenye vifundo. Mama Chiriku aliwaza kwamba kumpaka mtoto kila mchana kumemfaa na mpakaji, na moyo wake ukajaa shukrani.

"Mama, Mungu akulipe," alisema. "Bila wewe sijui ningefanyaje."

"Nifanye nini tena, mwanangu? Huyu si mke mwenzangu?" Bibi alimvuta Chiriku na kumfinya shavu. "Nimtunze, ndiye atakayenirithi huyu mume mwenye usingizi."

Wote walicheka, hata mume mwenyewe, aliyekuwa ametoka kulala na sasa anakula kabla ya kwenda zamu. Mke wake alikaa kando yake, Chiriku mapajani, akiishika mikono ya mtoto isifike nyuma ya magoti.

"Baba Chiriku, hivi itakuwa nini? Maji tunapima, sabuni tumebadilisha, mafuta anapakwa. Kitu gani kinamla mtoto huyu?"

Mume wake alitafuna muda mrefu. Bibi aliokota bakuli lake, akaendelea kulifuta ingawa lilikuwa limeshakauka.

"Labda," mume alisema, akiiangalia sahani, "ni hiyo sufu yako."

"Si nakung'uta? Si nabadilisha nguo mlangoni?"

"Nyuzi ni nyuzi. Haziishi kwa kukung'utwa. Nasema labda."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mama Chiriku, kwa bahati mbaya yake, aliwasikiliza wahenga akaenda kutafuta nguoni.

* * *

Mwenye karakana aliitwa Mama Vipimo kwa sababu hakuwahi kuvua futi ya kamba shingoni. Alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Unaacha wakati gani, mwanamke? Sweta za shule zinaanza wiki ijayo. Nilitaka wewe ndiye usimamie wale wasichana. Nilishawaambia."

"Najua, bosi."

"Si uje na mtoto ukae naye mbali na mashine?"

"Nikimleta kwenye sufu si ndiyo nitammaliza kabisa?"

"Haya. Mtoto ni mtoto, sikubishii. Ila nikueleze mapema usije ukaniita mbaya, kiti chako sitakiweka wazi. Mashine ikilala njaa inaamka."

Mashine yake ilikuwa ya dirishani. Yeye ndiye aliyejua kwamba sindano ya mwisho kushoto inapenda kuruka nyuzi siku za mvua, na kwamba ukiitekenya kwa kucha inarudi kazini. Alimweleza hayo msichana aliyekuwa jirani yake, halafu akaenda chooni akafungulia bomba ili asisikike. Alilia kwa hasira kuliko huzuni. Mtu hajui amefanya kosa gani, na adhabu yake ameshaibeba.

Kazi aliyopata ilikuwa ya usafi kwenye jengo la ofisi, kuanzia alfajiri hadi alasiri, kwa mshahara ambao hakuutaja hata kwa dada yake. Wiki ya kwanza alimkuta karani mmoja, mteja wake wa zamani, ambaye alimfumia sweta ya kijivu yenye vifungo, akamtolea na kofia bure. Karani alikuwa ameivaa sweta hiyohiyo. Aliinua miguu yote miwili ili deki ipite chini ya meza, akaendelea kuzungumza na simu. Mama Chiriku aliona kwamba kifungo cha tatu kimelegea, na mkono wake ulitaka kwenda kukikaza.

"Umefanya vizuri," mume wake alimwambia jioni ile. "Mama mwenye huruma ndivyo anavyofanya." Alisema hivyo akiwa anafunga kamba za viatu, na zilimchukua muda mrefu kuliko kawaida.

Sufu iliondoka ndani ya nyumba. Hata mwanasesere aliyemfumia Chiriku alifungwa kwenye mfuko akapewa jirani. Mtoto akabaki na mwiko wa ugali, akaufunga kitambaa kiunoni, ukawa mwanawe.

Na kuwasha kulibaki palepale.

Siku moja tu katika wiki ndiyo iliyokuwa na nafuu, siku ya mapumziko ya mama yake, ambapo yeye alimwogesha na kumpaka asubuhi, mchana na jioni. Siku hiyo Chiriku alisinzia bila kusugua miguu kwenye godoro. Mama yake aliona, akafurahi, akasema mtoto anamkumbuka mama. Ukimpenda mtu unamtafutia kila sababu isipokuwa ile iliyo sahihi.

* * *

Siku ya mapumziko iliyofuata Bibi aliondoka asubuhi kwenda kumjulia hali shoga yake mgonjwa. Mume alikuwa amerudi zamu, amelala chumbani, pazia limeshushwa. Mama Chiriku alikuwa akianika nguo. Chiriku alichuchumaa kando ya pipa na mwiko wake, beseni dogo, na dodoki alilolitoa mwenyewe nyuma ya mlango wa bafu.

"Tulia wewe," Chiriku aliuambia mwiko, kwa sauti nzito ya kizee. "Tulia, mke mwenzangu. Usilie. Mafuta yanafungia joto. Nguo ikiwa na mafuta haitakati."

Mama yake alitabasamu, shati mkononi. Mtoto aliiga vizuri, hata kule kuguna kwa mgongo.

Chiriku alianza kuusugua mwiko. Hakuusugua kama mtoto anayecheza. Alikaza meno, akaugeuza, akasugua upande wa pili, akachota maji, akasugua tena. "Toka, toka. Tukitoa yote utapona. Bado kidogo. Bado nyuma ya magoti." Kisha akaufuta kwa pindo la gauni, kwa nguvu, juu chini. Akachovya kidole kwenye kopo la kufikirika na kuugusa mwiko usoni, mara moja. "Hapa kidogo, mama akinusa." Halafu akachota tena, kwa vidole vyote sasa, akajipaka viganjani mwake, akasugua mikono yake taratibu, kidole kwa kidole, na kushusha pumzi ya raha. "Ah. Mikono ya watu wa kazi hii."

Shati lilianguka kwenye vumbi.

"Chiriku," mama yake alisema, na sauti ikatoka ndogo. "Huyo ni nani anaogesha mtoto?"

Chiriku aligeuka. Alificha dodoki nyuma.

"Hakuna."

"Bibi anakuogesha hivyo?"

Mtoto aliangalia chini. Yule Chiriku, ambaye hakuwahi kuombwa maneno akayanyima, alikuwa anahesabu kucha za miguu yake kwa macho.

"Mama hakasiriki, mwanangu. Niambie tu."

"Tusimwambie mama," Chiriku alinong'ona. "Bibi kasema. Na baba kasema."

"Baba?"

"Mimi nililia sana. Baba akaja mlangoni. Akasema, mama, mpunguzie. Halafu akasema tusimwambie mama." Akafikiri kidogo, akaongeza kwa ajili ya haki, "Akanipa biskuti."

* * *

Hakumwamsha kwa kelele. Alipandisha pazia, akakaa pembeni ya kitanda, akangoja mwanga umfikie usoni. Mume wake alifungua macho, akayaona macho yake, akajua. Hakuuliza kuna nini. Baadaye, kila alipojaribu kumwonea huruma, mama Chiriku alikumbuka kwamba hakuuliza.

"Tangu lini?"

"Mama Chiriku, sikia..."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu mwanzo mwanzo." Aliinuka akakaa, akajifunika shuka kana kwamba kuna mgeni. "Yule ni mama yangu. Ameamini hivyo maisha yake yote. Ningemwambia nini?"

"Yeye usingemwambia kitu. Ungeniambia mimi."

"Mngegombana. Nyumba yenyewe hii vyumba viwili."

"Mtoto alikuwa analia ukutani kwako hapo. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Alianza kulikunja pindo la shuka.

"Nakuuliza, baba Chiriku."

"Nilikuwa najifunika mto."

Mama Chiriku alitikisa kichwa polepole. Alijaribu kuupata ule moto aliouhisi kule hospitali, benchi lilipocheka, lakini haukuja. Ilikuja baridi, na hiyo baridi ilimtisha zaidi.

"Nimesimama mbele ya watu nikaitwa mwongo. Nikamwapia Mungu kwa ajili yenu. Nimeacha kazi yangu. Wewe ndiye uliyesema ni sufu."

"Nilisema labda."

"Ulisema nini?"

"Nilisema labda ni sufu. Sikusema ni sufu."

Alimtazama mwanamume huyu, aliyelinda mali ya watu usiku kucha kwa rungu na tochi, na ambaye alikuwa amejichimbia neno dogo kama hilo na kujificha ndani yake.

Bibi alirudi jua likiwa limesimama. Alilikuta dodoki mezani, kando yake kipande cha sabuni ya kufulia kilichotoka bafuni, na kopo. Hakuhitaji kuelezwa.

"Mimi nimetoa madoa ambayo wenye nguo walishayakatia tamaa," alisema kabla hajaulizwa, mkono kiunoni. "Najua uchafu unatoka vipi. Huwezi kumpaka mtu mafuta juu ya ugonjwa, unaufungia ndani. Nilitaka atakate apone. Huyu ni damu yangu."

"Ungenipinga mbele yangu, mama."

"Ungenisikiliza? Wewe na nesi wako?"

"Nisingekusikiliza. Lakini ningejua nani wa kumwachia mtoto." Mama Chiriku alilisogeza kopo. "Na haya? Kama mafuta ni mabaya, mbona yalikuwa yakiisha?"

Bibi aliitazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. Aliiingiza taratibu chini ya nguo aliyojifunga, kama mtu anayeficha kitu alichokiokota.

"Ningeyatupa?" alisema. "Mafuta ya pesa?"

Ingekuwa siku nyingine wangecheka. Mume alicheka kidogo, cheko la mtu anayeomba njia, akaona hakuna aliyemfuata. Bibi mwenyewe ndiye aliyemgeukia.

"Na wewe unacheka nini? Mimi nilikuwa najua ninachokitaka."

Hilo mama Chiriku alikubaliana nalo moyoni. Aliona kwamba anaweza kumchukia huyu mama mkwe leo na pengine kumsamehe siku moja, kwa sababu alikosea huku akiamini. Mume wake hakuamini dodoki wala mafuta. Aliamini kwamba mwanamke akiambiwa ni yeye ndiye mwenye makosa, atayatafuta hadi ayapate, na nyumba itakuwa shwari. Na kweli ilikuwa shwari.

* * *

Aliporudi karakana kuomba kazi, kiti cha dirishani kilikuwa na msichana, na sindano ya kushoto ilikuwa haimsumbui. Mama Vipimo hakumsimanga. Alimpa meza ya nyuma, kazi ya kushona vifungo na kukata nyuzi, kazi ya mtu aliyeanza jana.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Nitakuwa naye."

Mama Chiriku alimtandikia mtoto shuka la pamba kwenye kijichumba cha stoo, mbali na mashine, akamvalisha mikono mirefu. Wale wasichana ambao angewasimamia ndio waliomwelekeza sasa vifungo viko kasha gani. Mchana walipokwenda kula alichukua kopo jipya na chupa ya maji ya vuguvugu, akafunga mlango, akamwogesha na kumpaka. Nyumbani walilala kitanda kilekile yeye na mume wake, kwa zamu, mmoja akitoka mwingine akiingia, na wakaachiana chakula kilichofunikwa. Mume alinunua biskuti, zikakaa kabatini. Bibi alifua mashuka ya mtoto, kwa maji mengi, akiyasuuza na kuyasuuza tena hadi sabuni yote itoke, wala hakuna aliyemwomba. Mikono yake ilianza kupasuka upya.

Ngozi ilitii. Kwanza usiku ukawa mtulivu, kisha nyuma ya magoti pakakauka vidonda, mwisho mabaka yakafifia. Nesi alipopitisha ukucha hapakubaki mstari.

"Umeona sasa?" nesi alisema kwa furaha. "Nilikwambia mpake."

"Uliniambia," mama Chiriku alijibu. Benchi lilikuwa limejaa, na hakuwa na nguvu ya kulieleza.

Siku ileile mchana, kwenye stoo, alimpaka mtoto mafuta kuanzia shingoni hadi nyayo. Ngozi ilikuwa nyororo hata vidole viliteleza. Chiriku alitulia, alinyoosha mkono mmoja, akanyoosha wa pili, akageuka bila kuambiwa. Siku hizi alikuwa mtoto mtulivu. Watu wa karakana walimsifu kwa adabu yake.

Mama yake alimaliza, akafunga kopo, akamshushia gauni.

Chiriku aliutazama mlango uliofungwa, kisha akamsogelea na kumshika sikio kwa vidole vyenye mafuta, kama mtu mwenye siri.

"Mama," alinong'ona, "hii tumwambie mama, au tusimwambie?"